Kamati ya Matanga na Mlingoti wa Mtandao

Hoja iliyo mezani ni hii: vijiji vya kaunti za Migori na Homa Bay, ambavyo vijana wake huvipa kisogo wakaelekea Kisumu, Nairobi na Mombasa, vinaweza kufufuka kwa teknolojia ya dijitali na ubunifu wa kijamii. Serikali ya Kenya imeshaikubali. Mpango wake unaahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba, sehemu 25,000 zenye Wi-Fi ya bure, na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi. Kaunti hizi mbili zina wadi 40 kila moja, kwa hiyo fungu lao ni vituo 80. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Piga hesabu: kila kituo kitategemewa na watu wapatao 28,000.

Wazungumzaji wafuatao ni wa kubuni na hawana majina. Miradi, miaka na takwimu wanazozitaja ni za kweli. KIJANA anafanya kazi za mtandaoni akiwa Rongo. MAMA anauza samaki wadogo waitwao omena huko Mbita. MWALIMU ni mstaafu wa kisiwa cha Rusinga. MHAMASISHAJI ni wa afya ya jamii, pia kutoka pande za Rongo, na wenzake humwita Daktari. MZEE analima Kuria Magharibi.

MSIMAMIZI: Kijana, hoja ni yako. Itetee.

KIJANA: Asante. Naanza na kitu ambacho hakuna hapa asiyekitumia. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na mwanzoni ilionekana kuwa njia ya mtu wa Nairobi kumtumia mama yake hela ya sukari. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha hesabu yao: pesa za simu zilikuwa zimeziondoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, na wanawake wapatao 185,000 walikuwa wameacha kutegemea shamba na kuifanya biashara kuwa kazi yao kuu.

MAMA: Na mimi nilihesabiwa?

KIJANA: Inawezekana, Mama.

MAMA: Basi hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu umaskini wenyewe naujua na bado tunasalimiana. Haya, endelea.

KIJANA: Mfano wa pili unakuhusu wewe hasa. Simu za mkononi zilipofika pwani ya Kerala, India, kati ya 1997 na 2001, wavuvi wa dagaa walianza kupiga simu wakiwa bado majini kuuliza soko lipi lina wanunuzi. Mchumi Robert Jensen alichapisha matokeo mwaka 2007. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi waliisha, faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ilishuka kwa asilimia 4. Hapa kwetu taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ilianzisha mwaka 2009 huduma ya bei za samaki kwa ujumbe mfupi katika fuo za Ziwa Victoria. Mvuvi mwenye simu ndogo, kabambe, aliweza kujua soko linasemaje kabla hajatia nanga.

MAMA: Mwanangu, bei naijua. Naijua ya Kisumu, naijua ya Homa Bay mjini, naijua hata ya Isebania. Sasa nisikilize. Mashua zinatoka jioni, zinawasha taa katikati ya ziwa, omena zinafuata mwanga, alfajiri zinarudi. Nikifika ufuoni na karai langu, mwenye mashua ndiye anayeamua karai la nani lijazwe kwanza. Nikimbishia bei leo kwa kuwa simu imeniambia hivi na vile, kesho mimi ndiye wa mwisho, na wa mwisho anarudi na karai tupu. Huko Kerala mvuvi aligeuza mashua akaenda soko jingine. Mimi sina mashua ya kugeuza. Na ile mila ya jaboya, mwanamke kumfanya mvuvi mpenzi ili apewe samaki, simu haikuiondoa. Imerahisisha miadi tu.

MSIMAMIZI: Kwa hiyo simu haina faida kwako?

MAMA: Sijasema hivyo. Nasema tatizo langu liko baada ya bei. Nikishanunua, naanika omena kwenye nyavu chini. Jua likiwaka vizuri, jioni zimekauka, naziuza kwa gorogoro kama chakula cha watu. Mvua ikinyesha saa nane mchana, zinaoza, na zile zile zinakuwa chakula cha kuku. Mtaji unakatika katikati mchana mmoja. Nipeni mahali pa kukaushia penye paa, halafu mniletee bei kwa simu. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena unafungwa kisheria. Miezi hiyo hainilishi programu yoyote. Inanilisha chama, sisi wanawake tunaowekeana akiba kila wiki.

MWALIMU: Mama amesema jambo ambalo wafadhili hulisahau. Kijiji hakikuwa tupu kabla ya mradi. Lakini na mimi niwe mkweli, kisiwani kwetu tumewahi kufaidi mradi, na kwa njia ambayo haikupangwa. Kati ya 2012 na 2015 watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, walioko Mbita, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya afya ya tropiki ya Uswisi, waliweka mitego ya mbu kwenye nyumba za Rusinga. Mtego unatoa harufu inayofanana na ya binadamu, mbu anaingia, anaishia humo. Sasa mtego unataka umeme, na Rusinga ya wakati ule haikuwa na umeme wa kutosha kila boma. Kwa hiyo kila nyumba ikapewa sola, na pamoja na mtego ikapata taa mbili na mahali pa kuchajia simu.

KIJANA: Na malaria?

MWALIMU: Ilipungua kwa karibu asilimia 30 palipokuwa na mitego, na mbu aina ya Anopheles funestus walipungua kwa karibu asilimia 70. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja kutafuta mbu. Mwenyeji alitaka taa ili mtoto asome na simu isizime. Ndiyo maana watu waliutunza mtambo. Kama ungekuwa mtego peke yake, wangapi wangepanda juu ya bati kufuta vumbi la sola kwa ajili ya takwimu za Uholanzi?

MAMA: Na wavuvi nao waliletewa taa kabla ya hapo. Kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha sola Mbita mwaka 2008, mradi ukaitwa Umeme Kwa Wote. Mvuvi aliweka amana, akachukua taa iliyochajiwa, asubuhi akairudisha. Ilikuja kupunguza karabai, maana karabai inakunywa mafuta ya taa usiku kucha, na faida ya mvuvi inaishia kwenye taa hiyo.

KIJANA: Sasa mnanisaidia, wazee wangu. Hizo zote ni teknolojia.

MWALIMU: Tunakusaidia mpaka betri ife. Betri ya sola ina umri. Ikifa, swali haliko tena kwa mhandisi. Swali ni: nani wa hapa anajibu? Ana hela ya kununua nyingine? Anapatikana wapi? Mradi ukifungwa, gari la nembo likiondoka, mwenye kujibu huwa ameondoka nalo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

MZEE: Ongeza na mbolea. Tangu 2022 serikali inatusajili wakulima, inatutumia ujumbe kwa simu, unakwenda kununua mbolea ya ruzuku. Mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 2,500. Bei nzuri, sina ugomvi nayo. Ujumbe unafika kwangu kwa sekunde moja. Mfuko uko bohari. Nikodi pikipiki kwenda, nilale kwenye foleni, nikodi pikipiki kurudi na mfuko. Dijitali imekimbia, mfuko umebaki nyuma. Mkulima hapandi ujumbe.

KIJANA: Mzee, hilo ni kosa la ghala, si la simu.

MZEE: Mimi sitenganishi. Ninachokijua ni kwamba mahindi hayakungojea. Nikupe mfano wa kinyume. Migori ni kaunti ya tumbaku miaka mingi. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, yaani WHO, FAO na WFP, pamoja na serikali, walianza hapa mradi wa kuwatoa wakulima kwenye tumbaku kwenda kwenye maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Unadhani wakulima walivutwa na nini? Walivutwa na mnunuzi. WFP lilikuwa tayari kununua maharagwe. Kampuni ya tumbaku ilitushika kwa kitu hicho hicho kwa miongo: inakupa mbegu, inakupa mbolea kwa mkopo, na mwisho wa msimu inajulikana itanunua. Anayetaka kushindana nayo ashindane kwa soko, asinionyeshe programu yenye picha za majani.

MSIMAMIZI: Daktari, umekaa kimya.

MHAMASISHAJI: Nilikuwa nawasubiri mfike kwenye afya. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii nchi nzima. Tulipewa mkoba wenye vifaa na simu yenye programu. Kila mmoja anahudumia kaya zipatazo 100, na posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Simu hiyo inanisaidia, siwezi kudanganya. Inanikumbusha nani ana mimba, mtoto gani hajamaliza chanjo, nani ana presha. Zamani nilikuwa na daftari linalolowa mvua.

KIJANA: Kumbe!

MHAMASISHAJI: Ngoja kwanza. Mama anayeshikwa na uchungu saa saba za usiku hanipigii kwa sababu ya programu. Ananipigia kwa sababu mimi ni jirani yake na nilimzika baba yake. Nikitoka mimi mkampa simu hiyo mgeni mwenye shahada, atakuwa na takwimu safi na nyumba zilizofungwa. Jambo la pili: ninachoandika kinapanda juu, wadi, kaunti, Nairobi. Kushuka hakishuki. Sijaona baraza la chifu likisomewa kwamba kijiji hiki watoto kadhaa hawajachanjwa, tufanyeje. Taarifa ni zetu, lakini tunaishi nazo kama hatuzijui.

MWALIMU: Na hapo kwenu, kijijini Lwala, mlianza bila simu.

MHAMASISHAJI: Tulianza na kuku. Wanakijiji waliuza kuku na ng'ombe kumkatia kijana wetu Milton Ochieng' tikiti ya ndege aende kusoma Marekani, Chuo cha Dartmouth. Wazazi wake wakafariki kwa Ukimwi. Yeye na nduguye Fred wakarudi na wazo la zahanati, ikafunguliwa mwaka 2007. Baadaye wakunga wa jadi wakafunzwa kuwa wahudumu wa afya, badala ya kufukuzwa kama maadui. Huo ndio ubunifu wa kijamii ninaoujua mimi: kumchukua mtu ambaye kina mama wanamwamini tayari na kumpa ujuzi mpya. Simu ikaja ikakuta barabara imeshapasuliwa.

KIJANA: Nakubali kuhusu imani. Lakini imani hiyo hiyo inaweza kutuchelewesha. Shirika la GiveDirectly lilipoingia Homa Bay mwaka 2015, lilikuja na takriban dola 1,000 kwa kaya, zinaingia kwenye simu, huna deni, hulipi. Kwingineko waliokataa walikuwa wachache sana. Homa Bay, kwa maelezo ya shirika lenyewe, watu wapatao 45 kati ya kila 100 waliostahili walikataa. Uvumi ulikuwa kwamba ni fedha za kishetani. Jamani! Pesa ambazo zingejenga nyumba ya bati, zinunue ng'ombe wawili, zilipe karo, zikarudi kwa mwenyewe kwa ajili ya umbea wa njiani.

MAMA: Usiwacheke. Mtu usiyemjua anakuletea pesa nyingi, hataki kazi yako, hataki kura yako, hataki riba. Wewe ungelala? Hapa kila anayetoa anataka kitu, na aliyeficha anachotaka ndiye hatari zaidi. Walichouliza watu kilikuwa swali halali, ila walilijibu kwa lugha ya shetani.

MWALIMU: Mama amenipa mlango, niingie. Kijana, watu hao hao wanaokataa dola 1,000 za mgeni wanatuma pesa kwa simu kila wiki bila kuuliza mara mbili. Unajua wanazituma wapi?

KIJANA: Matanga.

MWALIMU: Naam, matanga. Mtu akifariki usiku, asubuhi kikundi cha WhatsApp kiko tayari. Picha ya marehemu, tarehe ya mazishi, nambari ya mweka hazina. Anayetuma mia mbili, anayetuma elfu tano, ujumbe wa M-Pesa unabandikwa pale pale. Orodha inaongezwa namba moja, namba mbili, mpaka inavuka mia. Aliyeahidi na hajatuma anabaki na alama mbele ya jina lake, shangazi zake wote wanaiona. Jioni mweka hazina anajumlisha. Baada ya mazishi anaweka matumizi: jeneza, gari la maiti, hema, ng'ombe, unga. Aliyeko Doha anaona, aliyeko Nairobi anaona, aliyebaki bomani anaona. Hakuna wizara iliyotufundisha. Hakuna mfadhili aliyekata utepe.

KIJANA: Kwa hiyo umenipa ushindi! Huo ni mfumo wa kidijitali wa kijiji, umejengwa na kijiji.

MWALIMU: Nimekupa ushindi, na nimekuonyesha masharti yake. Kwa nini haibiwi, au ikiibiwa inajulikana siku ile ile?

MHAMASISHAJI: Kwa sababu mweka hazina ana boma. Akila pesa za matanga, atakwenda wapi? Na yeye atazikwa hapo hapo, na sisi ndio wachimbaji.

MZEE: Na kwa sababu kila senti inasomwa na aliyeitoa. Vyama vya ushirika vilivyotuvunja moyo huku kwetu vilikuwa na vitabu, lakini vitabu vilikuwa kabatini.

MAMA: Lakini, Mwalimu, swali langu ni hili. Mbona tunachangia wafu laki tatu kwa wiki, na paa la kukaushia omena linatushinda mwaka wa kumi?

MWALIMU: Kifo kina tarehe. Paa halina. Labda tulipe paa tarehe, orodha na mweka hazina, tuone.

MSIMAMIZI: Kabla hatujafunga, tuje kwenye vituo vya wadi. Je, kuna kituo cha kidijitali kilichowahi kufaulu pande hizi?

KIJANA: Kipo kisiwani Mfangano. Kituo cha Ekialo Kiona kilifunguliwa na watu wa kisiwani wakishirikiana na shirika la Organic Health Response. Kilikuwa na kompyuta na intaneti kwa sola, na hukulipa kwa pesa. Ada yako ya uanachama ilikuwa kupima virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita. Halafu wakaanzisha redio inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo Kijaluo kilikuwa kinaimeza. Hapo kompyuta, afya na lugha ziko chini ya paa moja.

MHAMASISHAJI: Mimi sharti la kupima linanipa shaka kidogo. Mtu apime kwa sababu anajali afya yake, au kwa sababu anataka kufungua barua pepe?

KIJANA: Daktari, vijana walikuwa hawapimi kabisa. Kwa mpango ule walikuja kwa miguu yao, wakicheka, wakiwa kundi.

MHAMASISHAJI: Nakubali walikuja. Nasema tu kwamba kuna mstari mwembamba kati ya kumvuta mtu na kumsukuma, na mwenye kuuchora awe mtu wa kisiwani.

MZEE: Redio naiunga mkono bila shaka yoyote. Mkulima asiye na simu janja anasikia redio akiwa shambani. Sensa ile ile ya 2019 ilionyesha kwamba Kenya nzima, wenye umri wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu, na vijijini chini ya hapo. Ukijenga kituo cha kompyuta peke yake unajengea wachache ambao tayari wana njia. Wengine wataendelea kukisikia tu kikisifiwa.

KIJANA: Lakini wachache hao ndio wanaoondoka, Mzee. Mimi nisingekuwa na kazi ya mtandaoni, leo ningekuwa mtaa wa Pipeline, Nairobi, nalipia chumba kisicho na dirisha. Nalipwa kwa dola, natumia shilingi Rongo. Naajiri mwenye bodaboda, nanunua ngege sokoni, nasomesha mdogo wangu. Mkinikatalia mtandao kwa sababu haujafika kwa kila mtu, mtanipoteza na mimi.

MWALIMU: Hakuna anayekukatalia. Tunauliza kituo kitakapopata hitilafu, ufunguo uko kwa nani? Mashuleni tulipokea tableti za serikali kuanzia 2016. Shule ngapi bado zinazitumia, na ngapi zimezifungia kwa hofu kwamba ikiibiwa moja mwalimu mkuu atalipa? Kifaa ambacho adhabu ya kukipoteza ni kubwa kuliko faida ya kukitumia hubaki kabatini. Nani atamlaumu mwalimu mkuu?

MSIMAMIZI: Basi nitoe uamuzi wangu, nanyi mpige kura. Nilivyowasikia, mtandao haujabishaniwa na yeyote. Tofauti iko kwa mwenye kujibu. M-Pesa inafanya kazi ufuoni kwa sababu wakala ana duka, ana jina, na hela zikikosekana unampata. Matanga yanafaulu kwa sababu mweka hazina anaishi miongoni mwa waliochanga. Mradi wa Rusinga ulipokelewa kwa kuwa ulitoa taa ambayo kila nyumba iliitaka. Fedha za bure zilikataliwa Homa Bay kwa kuwa mtoaji hakuwa na mtu wa pale wa kusimama mbele ya watu na kuulizwa. Kwa hiyo naibadilisha hoja. Vituo 80 vije, kwa masharti matatu. Msimamizi wa kila kituo awe mkazi wa wadi, aliyechaguliwa barazani. Fedha za matengenezo, betri na bando zikae kwenye bajeti ya kaunti kila mwaka, na wananchi wazidai katika vikao vya ushirikishwaji ambavyo Katiba ya 2010 imewapa. Na mapato, matumizi na takwimu zinazokusanywa zisomwe hadharani kama orodha ya matanga, zibandikwe ukutani na kwenye kikundi. Nani anaunga mkono?

MHAMASISHAJI: Naunga mkono, hasa la takwimu kushuka.

MAMA: Naunga mkono, lakini mwandike pia paa la omena. Kituo chenu kitakuwa na paa. Upande wa nyuma liongezwe, tukaushie hapo.

MWALIMU: Naunga mkono.

MZEE: Kura yangu ni hapana, mpaka mfuko wa mbolea ufike pale ujumbe unapofika. Kituo kikija, kiwe na ghala.

KIJANA: Naunga mkono. Na Rongo najitolea kuwa msimamizi wa kituo.

MAMA: Wewe? Umejenga simba, nyumba ya kijana, kwa baba yako, au bado unalala kwa shangazi?

KIJANA: Mama, simba imesimama tangu mwaka jana. Bati, saruji, na sola juu.

MAMA: Basi jina lako liandikwe. Lakini mweka hazina nitakuwa mimi.